Mtu wetu ana kesi, jirani ana kashfa: nimpigie nani kura?

*"Nina miaka 34, naishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na nimejiandikisha kupiga kura papa hapa. Watu watatu wameanza kupita mtaani wakitaka kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, mwaka 2027. Wa kwanza ni wa jamii yetu, mzee wa kanisa, lakini inasemekana pesa za basari, ule msaada wa karo, zilipotea alipokuwa kwenye kamati. Wa pili si wa kwetu. Alipigania mitaro yetu hadi ikazibuliwa, ila mitandaoni wanasema alizaa nje ya ndoa na kumtelekeza mtoto. Wa tatu ni Mkenya mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Nairobi. Hana doa, lakini watu wanasema hajui shida zetu. Mama hunipigia simu kutoka nyumbani kunikumbusha nisimwache mtu wetu. Nikimsikiliza, mimi ni mkabila? Na tabia ya mtu ina uzito wowote kwenye kura, ikiwa hata Marekani walimchagua mtu aliyepatikana na hatia mahakamani?"*

Ndugu msomaji, umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: wapiga kura hupimaje wawaniaji, na wewe upimeje. Wengi huyachanganya wakaishia kusema siasa ni mchezo mchafu, basi. Nitayatenganisha, nikianza na simu ya mama.

Watu hudhani kura ya jamii ni kura ya chuki. Kwa wapiga kura wengi ni hofu tu, hofu ya kukumbukwa mwisho wakati wa kugawa. Hofu hiyo haikutoka hewani. Wachumi waliochunguza matumizi ya fedha za barabara nchini Kenya kati ya 1963 na 2011 waligundua kwamba wilaya za jamii ya rais aliye mamlakani zilipata takriban mara mbili ya fedha ambazo zingestahili kwa idadi ya watu wake, na karibu mara tano ya urefu wa lami. Mama yako aliyaona hayo kwa macho. Ila utafiti huo una nusu ya pili ambayo hainukuliwi sana: katika vipindi vya demokrasia ya vyama vingi, upendeleo huo ulififia hadi karibu kutoweka. Rais anayejua kwamba atarudi kuomba kura, huku bunge na magazeti yakimwangalia, hana uhuru wa kumwaga lami upande mmoja.

Sasa shuka kutoka Ikulu hadi wadi yako. Mtaro wa Umoja ukiziba, maji machafu hayaulizi jina la ukoo kabla ya kuingia kwenye ploti. Ukizibuliwa, mnafaidi wote. Watafiti walioangalia vijiji vya Ghana vyenye mchanganyiko wa jamii walikuta kwamba mtu anayeishi katikati ya watu wa kabila jingine huwa tayari kuunga mkono chama cha majirani zake, kwa sababu barabara au zahanati itakayoletwa pale itamhudumia na yeye. Kwa mambo ya aina hiyo, undugu na MCA haukuongezei chochote.

Kuna mambo mengine, hata hivyo, ambayo hutolewa kwa jina: basari, kibarua cha kaunti, kibanda sokoni. Hapo ndipo "mtu wetu" anapokuwa na maana, kwa kuwa anaweza kukupa wewe na kumnyima jirani. Tazama basi kashfa ya mwaniaji wa kwanza inahusu nini. Inahusu basari. Mlango ambao mama anatumaini utapitishiwa fadhila ndio uleule ambao pesa zinadaiwa kupitia zikapotea. Anayeweza kumpendelea mwana wa kwao bila kuulizwa anaweza pia kumpendelea mwanawe wa kumzaa, na hapo wewe na mama mtakuwa nje ya foleni pamoja na kabila zima.

Jamii ya mtu pia hutumika kama njia ya mkato. Siku ya uchaguzi unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na MCA. Ni wachache wanaowajua vizuri wawaniaji wa karatasi zote. Ukikutana na majina tisa usiyoyajua, jina la ukoo ndilo habari pekee uliyo nayo, na unalishika. Habari nyingine zikipatikana, kabila hupungua uzito, ingawa halipotei kabisa.

Tena kabila si jiwe. Wachewa na Watumbuka ni washirika wa kisiasa Zambia na mahasimu Malawi, ilhali ni watu walewale waliotenganishwa na mpaka. Upande wa Zambia ni wachache mno kuweza kushindana peke yao. Malawi kila kundi ni kubwa kiasi cha kumfaa mwanasiasa. Hesabu ndiyo inayoamua. Hapa kwetu, mwaka 2022 eneo la Mlima Kenya lilimpa William Ruto kura nyingi, ingawa Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo na mtu wa eneo hilohilo, alikuwa akimpigia debe Raila Odinga. Na hakuna hata mmoja kati ya magavana watatu waliochaguliwa Nairobi, yaani Evans Kidero 2013, Mike Sonko 2017 na Johnson Sakaja 2022, anayetoka katika jamii inayoaminika kuwa kubwa zaidi mjini.

Kwa hiyo, wewe ni mkabila? Fanya jaribio hili kwa kalamu. Andika mambo matatu unayojua kuhusu kila mwaniaji: alichofanya, anachotuhumiwa, na alichoahidi. Kisha badilisha majina. Mpe wa kwanza rekodi ya wa pili, na wa pili rekodi ya wa kwanza. Ukiona kosa ulilokuwa ukilisamehe sasa linakukera, umepata jibu lako, na hakuna haja ya kuniuliza mimi. Usipoona tofauti, basi kumchagua mtu wa jamii yako si dhambi. Kura ni yako.

Kuhusu wa tatu, rangi haijawahi kuwa ukuta usiopitika katika uchaguzi wa Kenya. Philip Leakey, Mzungu, alichaguliwa mbunge wa Lang'ata mwaka 1979. Shakeel Shabbir alishinda Kisumu mwaka 2007, na Irshad Sumra akashinda Embakasi Kusini, si mbali na kwako, mwaka 2013. Hao wawili wa mwisho walikuwa na tiketi ya chama cha ODM mahali ambapo tiketi hiyo ilikuwa na nguvu, kwa hiyo usiseme haraka kwamba wapiga kura walisahau rangi. Walitazama chama kwanza. Madai kwamba huyu wa kwenu hajui shida zenu yanaweza kupimwa. Muulize maji ya mgao huja siku gani, mtungi wa lita 20 unauzwaje siku yasipokuja, na ni ofisi gani ya kaunti inayohusika na mitaro. Waulize wote watatu. Pengine utashangaa ni nani atakayebabaika.

Umetaja Marekani, na huko mambo yana mizizi yake. Rangi huko ina historia ya utumwa na sheria za ubaguzi, na ni Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 iliyowafungulia Weusi wengi wa kusini mlango wa kituo cha kura. Ndiyo maana watafiti wa kule hawaamini upesi majibu ya kura za maoni. Mwaka 1982 Tom Bradley, meya Mweusi wa Los Angeles, aliongoza katika kura za maoni za ugavana wa California, kisha akashindwa kwa kura chache. Tangu hapo kukawa na mjadala mkali: je, kuna waliomdanganya mhoji ili wasionekane wabaguzi? Hata hivyo Barack Obama alipata takriban asilimia 43 ya kura za Wazungu mwaka 2008, na iliyomshindisha ni hiyo pamoja na kura za wengine. Sisi nasi tuna aibu yetu. Katika utafiti uliofanywa Kenya mwezi wa Desemba 2007, wengi walikataa kujitambulisha kwa kabila, lakini wakashikilia kwamba Wakenya *wenzao* hupiga kura kikabila. Kila mmoja anamwona mkabila mlango wa pili.

Tukio linalofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni la Louisiana mwaka 1991. Wawaniaji wawili wa ugavana waliobaki katika duru ya mwisho walikuwa Edwin Edwards, aliyejulikana kwa kashfa za fedha na wanawake, na David Duke, aliyewahi kuwa kiongozi wa kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan. Watu walibandika kwenye magari yao maneno ya kusema: mpigie kura mwizi, ni muhimu. Edwards alishinda kwa takriban asilimia 61. Hawakuwa vipofu kwa tabia yake. Walimlinganisha na aliyesimama kando yake. Mwaka 2000 Edwards alipatikana na hatia ya ufisadi na baadaye akafungwa, kwa hiyo wale waliomwita mwizi hawakumsingizia.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kura hailingani na hukumu ya mahakama. Hakimu huuliza kama huyu ametenda kosa. Mpiga kura huuliza kama huyu, pamoja na makosa yake, ni afadhali kuliko yule. Rais Bill Clinton alipokumbwa na kashfa ya kimapenzi na Monica Lewinsky mwaka 1998, umaarufu wake katika kura za maoni ulipanda, kwa kuwa uchumi ulikuwa mzuri na wengi waliona wapinzani wake wamechupa mipaka. Donald Trump alipatikana na hatia kwa mashtaka 34 jijini New York mwezi wa Mei 2024, na Novemba akachaguliwa. Wafuasi wake wengi hawakuiamini kesi yenyewe. Waliiona kama vita dhidi yao.

Mbinu hiyo tunaijua. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Badala ya mashtaka kuwazamisha, yaligeuzwa kuwa hoja ya wageni kutuchagulia viongozi, na jamii mbili zilizopigana baada ya uchaguzi wa 2007 zikapiga kura pamoja. Walitangazwa washindi kwa asilimia 50.07. Kesi zote mbili baadaye zilifika mwisho bila hukumu ya hatia. Kashfa ikishasomwa kama shambulio kwa "sisi", ushahidi zaidi huongeza kura badala ya kuzipunguza. Kwa hiyo ukisikia mwaniaji akijibu swali la pesa kwa kusema "wanatumaliza sisi watu wa fulani", jua kwamba swali la pesa halijajibiwa.

Je, habari za ufisadi huwabadilisha wapiga kura? Wakati mwingine, na inategemea zinavyofika. Brazil ilianza mwaka 2003 kukagua hesabu za miji iliyochaguliwa kwa bahati nasibu na kutangaza matokeo. Katika uchaguzi wa 2004, mameya waliokutwa na ufisadi walipoteza kura, hasa palipokuwa na redio ya mtaani ya kuisambaza habari. Mexico, mwaka 2009, watafiti walisambaza vipeperushi kuhusu ufisadi wa mameya. Chama kilichokuwa madarakani kilipoteza kura, sawa, lakini hata wapinzani walipoteza, kwa kuwa watu walikata tamaa wakakaa nyumbani. Usiniambie basi kwamba wote ni wezi kwa hiyo hutakwenda. Ukikaa nyumbani, anayefaidika ni yule mwenye watu wa kubebwa kwa matatu hadi kituoni.

Tuje kwenye kashfa zenyewe. Kabla ya kupima uzito, jua kashfa iko hatua gani, kwa sababu mtaani tetesi, uchunguzi, mashtaka na hukumu zote huitwa "ana kesi". Katiba, Kifungu cha 193, inamzuia mtu kugombea kiti cha MCA ikiwa anatumikia kifungo cha angalau miezi sita, au amepatikana kisheria kuwa alitumia vibaya ofisi ya umma au kukiuka Sura ya Sita kuhusu uongozi na uadilifu. Kisha inaongeza sharti linalowashangaza wengi: hazuiwi mpaka njia zote za rufaa ziwe zimekwisha. Ndiyo maana unaona majina ya washtakiwa kwenye karatasi ya kura. Wala mahakama hazikimbii. Ferdinand Waititu, aliyekuwa gavana wa Kiambu, alishtakiwa mwaka 2019, akaondolewa afisini Januari 2020, na hukumu ya hatia ikatolewa na Mahakama ya Milimani Februari 2025. Ukisubiri sheria ikuchujie wawaniaji, muhula mzima utapita. Kazi ya kuchuja ni yako.

Kwa mzee wa kanisa, usikae na "inasemekana". Una njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta jina lake katika tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu huwekwa bure. Ya pili ni ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti ya Nairobi na hazina zake. Soma kwa makini: mkaguzi akisema hakupewa stakabadhi, hajasema pesa zimeibwa. Amesema hazina maelezo, na hilo ni swali ambalo aliyehusika anapaswa kulijibu. Ya tatu ndiyo yenye meno na ndiyo isiyotumiwa. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, raia yeyote anaweza kuandika barua kwa ofisi ya umma akaomba nyaraka, bila kulipia ombi lenyewe. Utalipia nakala tu. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Ikikaa kimya au ikikataa, unapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Katika barua yako usiombe "habari za basari". Taja mwaka wa fedha, wadi, orodha ya waliofaidika na shule zao, kiasi alichopewa kila mmoja, na kumbukumbu za mkutano wa kamati ulioidhinisha. Ukizipata, chukua majina kumi na uulize kwenye shule. Wizi wa basari hufanyika kwa namna chache zinazojulikana: majina ya wanafunzi hewa, mwanafunzi mmoja kuandikwa mara mbili kwa tahajia tofauti, hundi iliyoandikwa kwa shule isifike, au orodha kujaa watoto wa wanakamati. Angalia pia saini. Kukaa kwenye kamati si sawa na kuidhinisha malipo, na huenda mzee wetu alipinga na jambo hilo likaandikwa. Uzee wa kanisa, kwa upande wake, usiutie kwenye mizani kabisa. Haumwongezei wala haumpunguzii.

Wa pili ni mgumu zaidi. Kuzaa nje ya ndoa si kosa kisheria, na watu wanaolipigia kelele mitandaoni wangesimama kidogo wahesabu nyumba zao. Kutelekeza mtoto ni jambo tofauti. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Ikiwa amekataa amri ya mahakama ya kumtunza mtoto, hiyo si siri ya chumbani tena, ni kuvunja sheria. Tatizo ni kwamba kesi za watoto huandikwa kwa herufi za kwanza za majina ili kumlinda mtoto, kwa hiyo hutaipata ukiitafuta, na hupaswi kumwinda mtoto huyo wala mama yake ili upate uhakika. Unaloweza kufanya ni kumuuliza mwaniaji mwenyewe kwenye kikao, kwa adabu: unawatunza watoto wako wote? Kisha sikiliza kama anajibu au anamtukana mama wa mtoto. Lakini kukiwa na tuhuma za kumlazimisha mtu, kumpiga, au kumdai mfanyakazi wa chini yake ngono, usikubali kuambiwa ni mambo ya faragha. Mtu huyo anaomba mamlaka zaidi juu ya watu.

Unapotafuta fundi wa bomba, unajali kama ana mkono mwepesi kwa vitu vya watu, kwa kuwa utamwachia nyumba. Ndoa yake haikuhusu sana. Nitumie kipimo hicho hapa. MCA hupitisha bajeti ya kaunti, hutunga sheria za kaunti na huikagua serikali ya gavana. Kosa linalogusa pesa za umma linagusa kazi yenyewe. Kwa hiyo nyaraka zikithibitisha mzee alihusika, ningempita, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Zisipopatikana, hana hatia machoni pangu, na swali linarudi kuwa nani ana rekodi bora ya kazi, ambapo wa pili anaongoza mpaka sasa. Wa tatu kutokuwa na doa ni jambo jema, lakini mtu ambaye hajawahi kushika pesa za umma huwa hana doa kwa urahisi. Mpime kwa maswali ya maji na mitaro.

Na mama? Usimdanganye, wala usigombane naye. Karatasi ni sita. Unaweza kukubaliana naye kuhusu rais na ukaamua mwenyewe kuhusu wadi ambayo yeye haishi. Kura ni ya siri kwa mujibu wa Kifungu cha 38, na asiwepo mtu wa kukuomba picha ya karatasi uliyoitia alama, awe mjomba au wakala wa chama.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Mwenye nyumba au jirani akikutishia kukufukuza kwa sababu ya kura au kabila lako, piga ripoti kituo cha polisi ukapate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha uende Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, au kituo cha haki cha mtaani kama kile cha Mathare ukihitaji mtu wa kukusindikiza. Ukipata ushahidi wa wizi wa basari, usiutupe Facebook kwanza. Mtuhumiwa atakushtaki wewe, na nyaraka zitapotea. Peleka nakala EACC, tume ya kupambana na ufisadi, ubaki na nyingine. Mtu akikupa pesa ili umpigie kura, kumbuka kwamba sheria inamkamata mtoaji na mpokeaji pia. Na kwa kuwa vijana wengi wa Nairobi bado wameandikwa mashambani, hakikisha jina lako liko Umoja kweli: pita ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge lako na kitambulisho mapema, kabla sajili haijafungwa kuelekea Jumanne, Agosti 10, 2027.